Pini za plakete zilizokwama

Ndugu motari, unasema pini za plakete (vipande vinavyobana diski) za freni ya mbele zimekataa kufunguka na tundu la ufunguo kichwani mwa pini limeanza kulika. Usiitoe etriye (chuma kinachobeba plakete na pistoni zinazozisukuma) kwenye pikipiki kwanza. Ikiwa imefungwa hapo haitakuchezea mkononi. Chokoa tundu kwa msumari mwembamba. Hapa Goma vumbi jeusi la lava hushindiliwa mle na tope, ufunguo hauzami wote, ndiyo maana unateleza. Tia mafuta ya kulegeza kutu, yasiguse diski, uyaache yalale. Asubuhi chomeka ufunguo, ugonge nyundo mara chache, ndipo uzungushe. Kuchoma kwa gesi hapana, mipira ya pistoni itaungua. Tundu likiisha kabisa, fundi aitoboe hiyo pini. Pini mpya zipake grisi kidogo inayovumilia joto, na ubanebane freni hadi ikaze kabla ya kupakia mteja.