Kulainisha triga (kifyatulio) ya bastola mpya: ushauri kwa wamiliki wapya

Wengi mnaopata leseni na kununua bastola ya kwanza hapa Arusha hulalamikia jambo moja: triga ni nzito na inakwaruza kabla ya kuachia. Mara nyingi bastola haina kasoro. Vyuma vinavyosuguana ndani vimetoka kiwandani na michirizi midogo ya mashine, nayo hulainika kwa matumizi.

Njia ninayoipendekeza ni kuvuta triga bila risasi. Toa magazini kwanza, vuta nyuma slaidi (sehemu ya juu inayoteleza), tazama ndani ya chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na uipapase kwa ncha ya kidole kidogo kuhakikisha ni tupu, kisha peleka risasi zote chumba kingine; utaratibu huu urudiwe kila unapoanza upya, hata kama uliinuka kupokea simu tu. Elekeza mtutu kwenye ukuta imara usio na mtu nyuma yake, uvute polepole. Bastola nyingi za kisasa za milimita 9 huvumilia zoezi hili, lakini za .22 (risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22) zinahitaji risasi bandia, kwa sababu pini, kile kichuma kinachogonga risasi, hugonga ukingo wa chemba pasipokuwa na ganda la kuipokea.

Baada ya kuvuta mara mia kadhaa, ifungue kama kitabu chake kinavyoelekeza, futa grisi iliyogeuka nyeusi, na utaona mstari mwembamba unaong'aa pale vyuma vinapokutana. Weka tone moja la mafuta, basi. Vumbi letu la kiangazi likinasa kwenye mafuta mengi linakuwa kama msasa.

Msasa wenyewe na tupa usiviguse. Pale nyundo inaposhikiliwa, pembe ya chuma imepimwa kwa makini na tabaka lake gumu huwa jembamba. Ukilikwangua, nyundo inaweza kuponyoka bastola ikianguka, au risasi zikafululiza. Kukata springi nako kunaweza kuipunguzia pini nguvu, bastola ikabofya tu bila kulipuka siku unapoihitaji. Fundi wa eneo la Unga Limited hapa Arusha anaweza kukuchongea kipuri cha pikipiki vizuri sana, lakini kazi hii ni ya fundi wa silaha mwenye leseni.

Wala usitamani triga nyepesi mno. Uzito wa kuvuta triga ya bastola ya upepo ya mashindano ya mita 10 unaruhusiwa kushuka hadi gramu 500, lakini bastola hiyo haibebwi kiunoni sokoni. Glock 17, bastola ya milimita 9, hutoka kiwandani ikiwa na triga ya takriban kilo 2.5, na uzito huo hukukinga kidole kikishtuka. Ikiendelea kusita mahali pale pale, irudishe kwa muuzaji aliyekuuzia, ikiwa tupu, pamoja na leseni yako.