Shangazi, nitalipwa lakini hawataki niende kazini

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Morogoro, sioni kabisa tangu utotoni. Nina shahada ya ustawi wa jamii, na kompyuta naimudu kwa NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti. Kwenye usaili huwa napelekwa na mdogo wangu. Maswali wanamuuliza yeye, halafu naambiwa 'tutakupigia'. Sasa kampuni moja inataka kunipa mkataba wa mwaka, ila bosi anasema nisijisumbue kwenda, mshahara nitaukuta benki. Nyumbani wanashangilia, mimi nimenyong'onyea. Nikubali? Na kwenye CV niandike kwamba sioni, au ninyamaze?"

Marahaba mwanangu. Una haki ya kunyong'onyea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, kwa hiyo mwenye watu 100 anatafuta watatu. Inaelekea jina lako linamjazia hesabu hiyo. Shida ya mkataba wa namna hii utaiona mwaka ukiisha: CV yako haitakuwa na la kusema, na wakianza kupunguza watu utatangulia wewe, maana hakuna ofisini anayejua unafanya nini.

Hata hivyo usikatae. Usisaini tu kwa haraka. Omba maelezo ya kazi kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri aandike majukumu, mahali pa kazi, saa na ujira. Bosi ataishiwa maneno kwenye majukumu, kwa sababu hajawahi kumwona asiyeona akifanya kazi ya ofisi. Basi mpelekee wewe, ukurasa mmoja: kupokea malalamiko ya wafanyakazi kwa simu na kuyaingiza kwenye Excel, kufuatilia madai ya walioumia kazini kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kuandika ripoti ya kila mwezi. Pendekeza siku tatu kwa wiki ofisini kwa miezi mitatu, kisha mkae mtathmini. Akikataa kabisa na nyumbani mna dhiki, chukua hela mwanangu, wala usione aibu, huku ukiendelea kutuma maombi. Ukifikisha mwezi wa pili kazini, ukaulize NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama michango inaingia. Jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya 10.

Kuhusu CV, inategemea unaomba wapi. Serikalini sema. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yenyewe huwataka waombaji wenye ulemavu waoneshe hivyo kwenye mfumo. Ukinyamaza, siku ya mchujo utawekewa karatasi ya kusoma kwa macho na itakuwa imekula kwako. Ukishaitwa, wasiliana nao mapema na utaje kitu kamili: karatasi ya nukta nundu, au kompyuta yenye NVDA, au msomaji na mwandishi pamoja na muda wa nyongeza. Ukisema tu "naomba msaada", kila mtu atakupa anaoufikiria yeye. Kabla hujatuma, mtu anayeona avikague viambatisho vyote, kwa maana NVDA haitakuambia kwamba cheti kimeskaniwa kichwa chini au kwamba barua haina saini.

Kampuni binafsi ni habari nyingine. Mimi nisingeandika kwenye CV. Wengi huitupa kabla ya kufika kwenye shahada. Waambie wakishakuita, kwa simu, bila kuomba radhi: "Asante kwa kuniita. Mimi sioni, natumia laptop yenye programu inayosoma skrini kwa sauti. Kama kuna mtihani wa kuandika, naomba uwe kwenye faili la Word, nitakuja na mashine yangu." Ishia hapo.

Siku ya usaili mdogo wako abaki getini. Anayekushika mkono ndiye atakayeulizwa maswali, hilo umeshaliona. Nenda siku moja kabla, ujue ngazi ziko wapi na mapokezi ni mlango wa ngapi, kisha siku yenyewe uingie na fimbo yako nyeupe.

Halafu waoneshe kazi, dakika tatu tu. Fungua barua ya Word, ruka kichwa cha habari hadi kingine kwa herufi H (kwanza washa hali ya kuvinjari kwa Insert na nafasi), izime kwa vitufe hivyo hivyo, sahihisha sentensi moja, hifadhi. Punguza kasi ya sauti. Wewe umezoea mwendo ule, lakini kwa mgeni ni kelele tupu na atadhani mashine imeharibika. Usitegemee kompyuta yao: hata ukibeba NVDA kwenye flashi, ofisi nyingi zimefunga flashi. Na laptop yenye diski ya zamani na RAM ya GB 4 itakuaibisha, sauti inachelewa kila ukibonyeza. Tafuta yenye diski ya kasi ya SSD na RAM ya GB 8, hata iliyotumika.

Udhaifu utaje mwenyewe kabla hawajauliza. PDF iliyoskaniwa ni picha, NVDA haiisomi mpaka ubonyeze Insert na R ili Windows itambue maandishi, na hata hapo mwandiko wa mkono huishinda. Kwa mtu wa ustawi wa jamii hilo si dogo, fomu zetu nyingi bado hujazwa kwa kalamu. Waambie unachohitaji: fomu ziletwe kwenye Word, na mwenzako akusomee za mkono kama nusu saa kwa siku. Wakisikia kiasi, hofu inapungua.

Wakikukataa wazi kwa sababu huoni, kifungu cha 7 cha ile Sheria ya Ajira ya 2004 kinakataza ubaguzi wa ulemavu, na kinamlinda hata mwombaji wa kazi. Tunza barua pepe na meseji zao zote, kisha ujaze Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.