Mfuko wa bastola ulivyonitesa kiunoni, na nilivyourekebisha

Mimi hununua dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na mara nyingi natembea na fedha taslimu. Ndiyo maana nina bastola yenye leseni. Ila kilichonitesa si uzito wake, ni mfuko wake wa ngozi. Nikiwa kwenye gari kuelekea Sengerema, kitako cha bastola kilikuwa kinanichoma mbavuni, na ukingo wa mfuko unakwaruza mpaka jioni kiuno kimebabuka. Watu wakichoshwa na hali hiyo huisukumia bastola chini ya kiti cha gari. Tafadhali usifanye hivyo. Silaha iliyoko chini ya kiti ni ya yeyote atakayefungua mlango.

Mwanzo nilibandika sponji ya godoro upande wa mwilini. Siku chache raha tupu. Lakini joto letu mnalijua: sponji ikanywa jasho, na wiki ya pili nikakuta vidoa vya kutu kwenye chuma. Nikaing'oa.

Nikapeleka mfuko kwa fundi viatu Makoroboi. Mfuko mtupu, bastola niliifungia kabatini, maana leseni ni yangu, si ya fundi. Hata hakuutazama sana. Alitazama kiuno changu.

"Mkanda ndio huu, mzee?"

Ulikuwa mwembamba, wa suruali ya kitambaa, na mfuko ulikuwa unaning'inia tu. Akanitengenezea mwingine wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, upana inchi moja na nusu, unaojaa sawasawa kwenye matundu ya mfuko. Nusu ya maumivu iliishia hapo, kabla mfuko haujaguswa.

Kisha akatoboa tundu jipya la nyuma, chini kidogo ya lile la zamani. Mfuko ukainamia mbele kama nyuzi 15, na kitako kikaacha kunichoma. Ukingo akaupunguza kwa wembe, akaupiga msasa na kuupaka nta. Mwisho, kwa msharasi na uzi wa nta, akashona kipande cha ngozi ngumu kinachopanda kati ya mwili na chuma. Hicho ndicho kilichofanya kazi niliyoitegemea kwa sponji.

Alitaka pia kuukata mdomo wa mfuko uwe mpana. Nilikataa. Mdomo ukilegea hujikunja, na mkunjo huo unaweza kuingia kwenye kifyatulio wakati unarudisha bastola. Sehemu inayofunika kifyatulio usiikate kabisa wala kuilainisha, hata kama ndiyo inayokukera.

Nilipofika nyumbani nilitoa magazini, yaani kasha la risasi, nikakagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho na kwa kidole, nikaweka bastola mfukoni na kuupindua juu ya kitanda. Nikautikisa. Haikudondoka. Nikauvaa, nikainama, nikakaa, nikachuchumaa.

Usiku bastola hailali ndani ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu, hasa masika. Naifuta, naipaka mafuta kidogo na kuifungia. Mfuko unabaki kivulini, mahali penye upepo.