Pikipiki inazima ukiingiza gia
Ndugu yangu wa Ujiji uliyeuliza, kama pikipiki yako inawaka vizuri ikiwa nyutro halafu inazima palepale ukiingiza gia, na stendi umeshaipandisha, usikimbilie plagi wala kabureta. Anza na swichi ya stendi ya pembeni, ile inayozima injini ukiingiza gia stendi ikiwa chini. Chuchumaa upande wa kushoto: ni kidude kidogo chenye waya, pale stendi inapojikunja. Tope la mvua likikaukia humo, kipini kinakwama. Sugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, kibonyeze mpaka kirudi chenyewe. Bado? Chomoa soketi ya waya wake, pima swichi kwa mita ya fundi umeme (multimeta) huku ukishusha na kupandisha stendi. Usomaji usipobadilika, swichi imekufa au waya umekatika. Nakuomba, fundi asikuungie waya moja kwa moja, kuiruka swichi, ukaondoka hivyo. Stendi ukiisahau chini, kona ya kushoto itakuangusha na abiria wako.