Kabla ya kununua mashine mpya, hesabu rodi

Nimefundisha uchomeleaji miaka kumi na moja, na kila nikisikia habari ya kuboresha vyuo vya ufundi ili nchi ipate mafundi wa kutosha, naona watu wanawaza jengo jipya na mashine mpya. Mimi kuna kitu kimoja kimeniuma muda mrefu, kijana anakuwa fundi kwa masaa aliyoshika kazi mkononi, na hayo masaa ndo hatuyahesabu.

Nilikielewa vizuri siku mwenye karakana mmoja aliponipigia simu kuhusu kijana niliyemfundisha mwenyewe, ana cheti kizuri tu. Nikaenda. Nikamkuta ameinama juu ya vipande viwili vya chuma, anagusisha rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka kuunganisha vipande, inanasa, anaitikisa inachomoka, anajaribu tena inanasa, mkono unatetemeka. Ukimuuliza rodi ya milimita 3.2 inataka ampea ngapi anakujibu hapohapo, ila mkono haujazoea. Pembeni yake kuna dogo hajawahi kukanyaga chuo, anavuta mshono umenyooka, akigonga gamba linabanduka lote. Niliporudi nikafungua daftari la stoo, kila mwanafunzi alikuwa anapata rodi kumi na mbili kwa muhula, na rodi moja ya saizi hiyo inaisha kwa dakika moja na kidogo, yaani muhula mzima mtoto wa watu kapata kama robo saa ya moto. Na mashine tulikuwa nazo, tena nzuri.

Kwa hiyo kama wewe ndo unapanga bajeti ya chuo, anza na vitu vinavyoisha. Rodi, nyaya, mbao, vitambaa, gesi. Mashine unanunua mara moja, rodi zinaisha kila wiki, na fungu lake ndo linakatwa la kwanza pesa ikipungua. Lilindeni hilo fungu.

Halafu walimu warudi karakana. Mimi nilitumia likizo moja, wiki sita, nikakuta wenzetu wameshahamia kwenye mashine zinazolisha waya zenyewe na mimi bado nafundisha rodi tu. Vijana wadogo kwangu wakanifundisha, na mwaka uliofuata nilifundisha tofauti kabisa.

Waajiri nao wasiitwe siku ya mahafali peke yake. Watu wanapenda kutaja Ujerumani, na kweli wana sheria ya tangu 1969, mwanagenzi anasaini mkataba na kampuni, analipwa, siku tatu au nne kwa wiki yuko kazini, zinazobaki chuo, na mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba za biashara na za mafundi. Ila nchi zinazoendelea kazi nyingi ziko kwenye karakana ndogo za watu wawili watatu, ukiuchukua huo mfumo mzima mzima utakwama. Brazili tangu 1942 wana SENAI, shirika la mafunzo ya ufundi wa viwandani, viwanda vinachangia asilimia 1 ya mishahara vinayolipa na shirikisho la viwanda lenyewe ndo linaendesha vyuo. Anayetoa hela lazima aulize anafundishwa nini, na hicho ndo cha kuiga, hata kwa kuanza na fundi mmoja mzoefu kwenye jopo la mtihani. Sisi tulimwita yule mwenye karakana, akawafelisha wawili wangu, akanionyesha kwa kidole mahali mshono umekula chuma pembeni. Iliniuma lakini alikuwa sahihi.

Na yule dogo asiachwe. Apewe mtihani wa vitendo, akifaulu apate cheti, maana bila karatasi hakuna kampuni kubwa itakayomgusa na ujuzi tayari anao.

La mwisho, wapigieni simu wahitimu miezi sita baada ya kumaliza. Muulize unafanya kazi gani, na ni kitu gani ulikikuta kazini hatukukufundisha. Mimi naandika majibu nyuma ya daftari lilelile la stoo.