Jibu: Samsung au iPhone 14 ya Marekani? Anza na laini na WhatsApp

Ndugu, umeuliza kama ubaki na Samsung au uhamie iPhone 14 iliyotumika kutoka Marekani. Kabla ya bei, kagua ubavu wa simu. iPhone za soko la Marekani kuanzia toleo la 14, la mwaka 2022, hazina kabisa tundu la laini. Zinatumia eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu, isiyo na kadi. Laini yako ya M-Pesa kama ni ya kadi, itabidi mtandao wako uibadilishe iwe eSIM, na siku simu ikizima ghafla huna cha kuchomoa upachike kwenye kitochi. Kwa anayeishi kwa miamala, hiyo kwangu ni sababu tosha ya kutafuta toleo lenye tundu.

WhatsApp ndiyo inayoliza wengi. Chelezo (nakala ya akiba, au backup) ya meseji iliyoko Google Drive haifunguki kwenye iPhone. Tumia Move to iOS, programu ya Apple unayoiweka kwenye Samsung ili kuhamishia vitu iPhone: iPhone iwe mpya au imefutwa yote, namba iwe ileile, simu zote mbili ziwe kwenye chaji na Wi-Fi moja. Kwenye orodha ya vitu vya kuhamisha, chagua WhatsApp, kisha subiri bila kufungua kitu kingine. Usiifute Samsung mpaka umeziona meseji za zamani upande wa pili.

Programu ulizolipia Play Store hazihami, na memori kadi haina pa kuingia.

Kama Samsung yako bado inapokea masasisho ya usalama na kinachokusumbua ni chaji kuisha haraka, badilisha betri ubaki nayo.