Aanze na kafi, tanga litamngoja

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 12 aanzie kwenye mtumbwi au apande ngalawa ya tanga moja kwa moja. Aanzie mtumbwi. Mimi nilijifunza hivyo Nungwi, Zanzibar. Babu alinikataza kugusa tanga mpaka niweze kupiga kafi kwenda na kurudi maji yakipwa. Viganja vilichubuka, lakini ndipo nilipoujua mkondo.

Akihamia ngalawa, ashike demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga, mkononi, asiifunge kamwe. Upepo ukizidi, ailegeze, tanga limwage upepo. Sisi tuliifunga siku moja, tukapinduka mbali na pwani, na hofu ile naikumbuka hadi leo. Kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, la Juni na Julai asubiri lipite. Na kabla ya yote hayo, ajue kuogelea.